UZI: Mtoto yuko darasa la tatu na bado hasomi. Tuelekezane namna ya kumfundisha nyumbani

#1 Kitulo

Kamwene wakuu. Uzi huu ni wa wazazi na walezi wa huku kwetu, Iringa, Njombe, Mbeya hadi Songwe, ambao mtoto amevuka darasa la pili na bado akipewa aya ya mistari minne anatoa macho tu. Tuweke mambo ya kufanya. Lawama kwa walimu au kwa mtoto zina nyuzi zake.

Kosa linalofanyika majumbani ni kununua kitabu cha darasa alilopo na kumkalisha nacho. Aliyekwama kwenye silabi hafaidiki na kitabu cha darasa la tatu. Anachojifunza pale ni kukisia na kuogopa vitabu. Anza kwa kumpima. Chukua karatasi nne, andika kwa maka peni, herufi ndogo zote, zisomeke mkiwa mmekaa mkekani.

Karatasi ya kwanza ni herufi: a m k e t u s o l i.

Ya pili ni silabi zilizochanganywa: lo, ki, su, ma, te, ba, ni, du, pe, ga.

Ya tatu ni maneno: mama, kuku, jiko, kiatu, samaki, nyumba, mbuzi, mchicha, ng'ombe, kiberiti.

Ya nne ni aya hii: "Tumaini ana mbuzi wawili. Kila asubuhi anawapeleka karibu na mto. Leo mvua imenyesha na njia ina matope. Mbuzi mmoja ameteleza. Tumaini ameshika kamba, akamvuta polepole hadi kwenye majani. Wote wamerudi nyumbani salama."

Kwenye karatasi tatu za kwanza, akipata 8 kati ya 10 mpandishe inayofuata. Asipofika 8, simama hapo, ndipo pa kuanzia. Aya ina maneno 32. Mpime kwa saa ya simu. Akiimaliza ndani ya dakika moja na makosa yasiyozidi matatu, kusoma anajua, shida yake iko kwenye kasi au kuelewa. Muulize: mbuzi wako wangapi? Kwa nini mmoja aliteleza? Kwa nini Tumaini alimvuta polepole? Swali la tatu jibu lake halijaandikwa, na ndilo linaloonyesha kama anafikiri anaposoma.

Kwenye karatasi ya tatu andika alipoangukia. Akisoma mama na kuku akafa kwenye "kiatu", hajazoea irabu mbili kukaa pamoja. Akifika "nyumba" akasoma "numba", ana shida ya silabi mwambatano, yaani zenye konsonanti zaidi ya moja kabla ya irabu. Hayo ni matatizo mawili tofauti na dawa zake ni mbili.

#2 Mwakaleli

Mkuu Kitulo, hapo kwenye "zilizochanganywa" pasisitizwe sana. Watoto wengi wanaimba ba be bi bo bu vizuri mno, mzazi anafurahi, kumbe ni wimbo. Mtoto kakariri mpangilio, macho yake hayapo kwenye herufi. Kumgundua ni rahisi: andika bu, bi, ba, be, bo na umwonyeshe moja moja. Akianza kunong'ona kutoka "ba" mpaka aifikie unayoionyesha, ujue anaimba, hasomi. Huyo mpe alama ya sifuri kwenye karatasi ya pili hata kama ameimba yote, na wala usimkemee, maana alifanya alichofundishwa.

Tena msimpime na kitabu ambacho darasani wamekisoma. Atakitiririsha huku anaangalia dirishani.

#3 MamaMakambako

Asanteni walimu. Sasa mtu akishajua mtoto amekwamia silabi, anaanza na ipi? Kwa wiki ngapi? Na vifaa vya bei gani?

#4 Kitulo

Dada MamaMakambako, hesabu ni hii. Konsonanti za herufi moja ziko 18: b d f g h j k l m n p r s t v w y z. Kila moja na irabu 5, unapata silabi 90. Asiye na shida huchukua konsonanti mbili kwa wiki, wiki 9 anamaliza. Aliyekwama mpe moja kwa wiki, wiki 18. Inaonekana ndefu, lakini ukimkimbiza utarudi mwanzo mara tatu na itakuwa ndefu zaidi.

Vifaa: manila mbili zikatwe kadi za sentimita 6 kwa 8, zinatosha silabi zote 90. Ukitumia maka nzito, wino unapenya upande wa pili, na kadi ikigeuka mtoto anaona b kama d. Kama manila ni nyepesi, tumia kadibodi ya boksi la sabuni. Chora mstari chini ya kila silabi ili asiishike kichwa chini, la sivyo u inakuwa n. Ongeza daftari la mistari, penseli, na sinia yenye unga wa mahindi au mchanga mkavu.

Muda ni dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Masaa mawili ya Jumamosi hayafanyi kazi, maana kilichoingia Jumamosi kinakuwa kimetoka Jumatano. Saa kumi jioni, akiwa ameshakula na jua bado lipo, ni bora kuliko saa mbili usiku chini ya taa hafifu, hasa miezi ya baridi ambapo mtoto wa Makete au Mufindi anawaza moto tu.

Zile dakika 30 zigawe hivi:

Dakika 3, kadi za zamani zikiwa zimechanganywa.

Dakika 7, silabi mpya. Anaitamka huku anaiandika kwa kidole kwenye unga. Sauti na mkono viende pamoja. Akiandika kimya hakuna faida.

Dakika 8, kujenga maneno kwa kadi.

Dakika 7, kusoma sentensi ulizoandika kwa silabi anazozijua tu.

Dakika 5, imla: maneno 5 na sentensi moja. Imla msiiache. Mtoto anayeweza kusoma "lami" lakini akiandika anatoa "lma" bado hajasikia sauti zote za neno.

#5 Isimila

Naongezea kwa mwalimu Kitulo kuhusu mpangilio. Msianze na b, d, k. Anzeni na m, l, s, n. Sababu: hizi sauti zinavutika. Unaweza kusema mmmm halafu ukafungua mdomo, ikawa "ma", mtoto akasikia zilivyoungana. K haivutiki. Ukimwambia "k" utajikuta umesema "ka" au "ke", naye ataunganisha "ke-a" na kubaki anashangaa. Kwa sababu hiyohiyo, hatua za mwanzo msimfundishe majina ya herufi, yaani be, che, de, efu. Mpeni sauti.

Na m, l, s, n pekee zinatoa maneno mengi kuliko mtu anavyodhani: mama, lala, soma, lima, sema, nani, sumu, lami, ulimi, limao. Sentensi zipo pia: "Mama analima." "Nani analala?" "Sasa soma." Wiki ya nne mtoto anasoma sentensi yenye maana, na hapo uso wake unabadilika.

Baada ya hizo: t, k, p, b, w, y, f, z, h, g, j, d, v, r. Angalieni b na d nimezitenganisha makusudi.

Silabi mwambatano zisubiri mpaka zile 90 zikae. Kisha: mb, nd, nj, ng, nz kwanza, halafu ny, ch, sh, halafu zenye w kama kwa, mwa, bwa, swa, mwisho th, dh, gh na ng'. Ng na ng' zifundishwe kwa maneno ya jozi, ngoma na ng'ombe, ngano na ng'ambo, huku mkono umeshika pua. Kwenye ng' pua inatetemeka mwanzo mpaka irabu inapoanza; kwenye ng kuna g inayoikata.

Pia m inayosimama peke yake: m-ti, m-toto, m-lango, m-kate. Wengi wanasoma "muti", "mutoto". Piga makofi: m-ti ni makofi mawili, m-to-to matatu.

#6 Ngosi

Wakuu, na aliye shule ya mchepuo wa Kiingereza? Hapa Mbeya mjini shule hizo ni nyingi. Mtoto anasoma "a" kama "ei" na "i" kama "ai", akija kwenye Kiswahili anavuruga.

#7 Mwakaleli

Mkuu Ngosi, chagua lugha moja kwanza, na iwe Kiswahili kama ndicho anachoongea nyumbani. Kiswahili herufi moja sauti moja, a ni a popote uikute. Kiingereza herufi "a" ina sauti kadhaa kutegemea neno, na maneno mengi hayafuati kanuni. Mtoto aliyekwama ukimpa mifumo miwili kwa pamoja unampa kazi mara mbili. Akishajua kwamba herufi zinabeba sauti na sauti zinaunganishwa, ujuzi huo anahamia nao kwenye Kiingereza. Akili haijifunzi kusoma mara mbili.

Ongea na mwalimu wa darasa, mweleze kwamba kwa miezi minne hivi nyumbani mnashughulikia kusoma Kiswahili, na kazi za Kiingereza mtamsomea ninyi kwa sauti ili asiachwe kwenye masomo mengine.

#8 BibiWaTukuyu

Ugonile wanangu. Nauliza kwa niaba ya bibi wengi wanaolea wajukuu vijijini. Mtoto nyumbani ni Kinyakyusa, shuleni Kiswahili. Akisoma "ruka" anasema "luka". Anahesabiwa amekosea? Na bibi asiyejua kusoma afanyeje?

#9 Isimila

Shikamoo bibi. Hilo la kwanza ni muhimu mno, na wengi wanawaonea watoto hapo. "Ruka" akisema "luka" halafu ukimwambia aonyeshe akaruka, amesoma sawasawa. Hiyo ni lafudhi. Hata watu wazima wenye digrii huku kwetu wanasema "selasini" na "zahabu". Ukimkatiza kila r, anapoteza mtiririko na anaanza kuogopa kutoa sauti. Kosa la kusoma ni pale anaposema neno jingine au anapotamka kitu kisicho na maana.

Kwenye kuandika ndipo kazi ipo, kwa kuwa anaandika anachosikia. Mpe jozi: kula na kura, hali na hari, fua na vua, faa na vaa, sana na zana. Kwa s na z, na f na v, mwambie aweke vidole kooni: z na v koo linatetemeka, s na f halitetemeki. Jozi moja kwa siku inatosha.

Bibi asiyejua kusoma ana kazi kubwa kuliko anavyofikiri, maana msingi wa kusoma ni sikio. Wakiwa wanachambua maharage, amuulize: "Neno maharage lina vipande vingapi?" Mtoto anaweka punje moja kwa kila kipande: ma-ha-ra-ge, punje nne. "Ukiondoa ma, kinabaki nini?" "Taja kitu kingine kinachoanza kama maharage." Haya yanafanyika hata kwa Kinyakyusa, sikio likifunguka kwa lugha moja limefunguka. Kadi zishikwe na kaka au dada wa darasa la tano, dakika 15, bibi akisimamia kwamba mdogo hachekwi. Kuchekwa na ndugu yake kunamfunga mtoto mdomo wiki nzima.

#10 Ngosi

Kuna wazazi wanaona bora wamtoe kabisa shule wamfundishe nyumbani mpaka ajue. Hapo mnasemaje?

#11 Kitulo

Hapana. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inamtaka mzazi amwandikishe mtoto aliyetimiza miaka 7 na ahakikishe anahudhuria. Ukimtoa unajiweka pabaya kisheria, na mtoto anapoteza wenzake na masomo mengine ambayo pengine anayaweza vizuri, hesabu kwa mfano. Anaweza kuwa mzuri wa kutoa na kujumlisha na bado akafeli mtihani wa hesabu kwa sababu maswali yameandikwa kwa maneno.

Jioni zinatosha, na likizo za Juni na Desemba ndiyo dhahabu. Likizo ongeza kipindi cha pili asubuhi, dakika 20, siyo kurefusha kile kimoja.

Suala la kukariri darasa linafanana na hilo. Akikariri na kufundishwa kwa namna ileile iliyoshindikana, atakwama palepale akiwa mkubwa kuliko wenzake. Kabla ya kukubali, uliza shule ni nini kitakachobadilika.

#12 MamaMakambako

Na anayegeuza b na d? Nasikia ni ugonjwa unaitwa disleksia. Kuna dawa?

#13 Mwakaleli

Dada, twende taratibu. Kugeuza b na d mpaka miaka 7 hivi ni kawaida. Kikombe ukikigeuza mkono kushoto au kulia kinabaki kikombe, herufi ndiyo kitu cha kwanza maishani kinachobadilika jina kwa kugeuzwa. Fundisha b mpaka ikae kabisa, wiki kadhaa, ndipo ulete d. B inaanza na fimbo, tumbo linafuata. D inaanza na tumbo, fimbo inafuata. Aitamke hivyo kila anapoandika kwenye unga.

Disleksia siyo ugonjwa wa macho wala uvivu, na wala si akili ndogo. Ni ugumu wa ubongo kuunganisha sauti za maneno na herufi, na mara nyingi unatembea kwenye ukoo. Haina kidonge. Dawa yake ni hiihii tunayoijadili: sauti, mkono, hatua ndogo, marudio mengi. Dalili zake ni za pamoja na za muda mrefu: anasahau leo silabi aliyoijua jana, hawezi kucheza michezo ya kukata vipande vya neno kwa mdomo, anaandika neno lilelile kwa namna tatu kwenye ukurasa mmoja, na huku ukimsimulia hadithi anaielewa yote. Kugeuza herufi peke yake hakutoshi kumpa mtu jina hilo.

Kabla ya kulifikiria, ondoa mambo mawili. Masikio: simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja, mwambie azibe sikio moja kwa kidole, nong'ona maneno matatu, arudie. Kisha sikio la pili. Akishindwa upande mmoja, au kama masikio yanatoa usaha mara kwa mara, hospitali. Macho: kama anasogeza kitabu puani, anafinya macho akisoma ubaoni, au kichwa kinamuuma akisoma, apimwe na wataalamu wa macho kwenye hospitali ya mkoa au ya rufaa. Miwani ikihitajika itamsaidia kuona, silabi bado utamfundisha.

Vyote vikiwa sawa na baada ya miezi mitatu ya kazi ya kila siku haendi mbele, nenda ofisi ya elimu ya halmashauri ukamuulize afisa wa elimu maalumu. Beba madaftari yake, kazi za Januari na za Aprili pamoja. Mwenendo wake unaonekana humo kuliko katika maelezo.

#14 Isimila

Tusiwasahau waliovuka silabi lakini wanasoma kwa kudonoa, maneno 15 au 20 kwa dakika. Huyu akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka, ndiyo maana haelewi. Lengeni maneno 45 hadi 50 kwa dakika kabla ya kumpa maandishi magumu.

Kinachowaangusha hapa ni urefu wa maneno yetu. "Wanatupikia" ni silabi sita. Njia ya kwanza: kipande cha karatasi kifunike neno, kivute polepole, kipande kwa kipande, kisha asome lote kwa pumzi moja. Ya pili, ambayo naiona bora kwa aliyekomaa kidogo: mfundishe kutambua vianzio vya maneno kwa kutupa jicho mara moja. Andika kadi kumi: ana, wana, nina, tuna, ali, wali, ame, wame, ata, wata. Andika nyingine nne: lima, soma, pika, cheka. Ukizipanga unapata maneno 40, na mtoto anaacha kusoma "wa-na-li-ma" anaanza kuona "wana-lima".

Halafu marudio. Aya moja ya maneno 60 hadi 100, siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza unasoma wewe kidole kikipita chini ya maneno, anafuata sentensi kwa sentensi. Ya pili mnasoma pamoja. Ya tatu anasoma peke yake na unampima muda. Mwonyeshe namba zake za leo na za Jumatatu, msimlinganishe na mtoto wa jirani.

Akikosea: hesabu kimya hadi tatu, mara nyingi anajisahihisha. Asipojisahihisha, onyesha silabi aliyokosea tu. Bado? Mwambie neno, arudie sentensi nzima kutoka mwanzo. Makosa yakizidi 1 kwa kila maneno 10, aya ni ngumu, badilisha. Fimbo isiwepo karibu. Mtoto mwenye hofu anakisia, na kukisia ndiko tunakopigana nako.

#15 BibiWaTukuyu

Mungu awabariki. Vitabu vya kumsomesha vinapatikana wapi bila gharama?

#16 Kitulo

Bibi, shikamoo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na African Storybook wana hadithi fupi za Kiswahili za bure, zimepangwa kwa ngazi. Mwenye simu ya kupangusa azipakue mara moja, azitumie bila bando. Lakini mtoto aliye kwenye silabi asisomee kwenye skrini ndogo, kidole chake kinafungua vitu vingine. Chapisha, au nakili kwa mkono.

Kitabu kizuri kuliko vyote hakinunuliwi. Karatasi nne za A4 zikunje katikati, shona kwa uzi mgongoni, unapata kurasa 16. Mtoto asimulie jambo analolijua, viazi vinavyopandwa, chai inavyochumwa, safari ya kwenda mnadani. Wewe andika, sentensi moja kila ukurasa, maneno yake mwenyewe. Achore. Kesho anakisoma. Akikifahamu kwa kichwa, andika sentensi zilezile kwenye daftari kwa mpangilio mwingine, uone kama anasoma kweli.

Angalizo dogo la mwandiko: "a" ya kwenye vitabu vingi ina mkia juu, ya kwenye daftari ni duara na kifimbo. Kuna mtoto anayeijua moja tu, akikutana na nyingine anasimama. Mwonyeshe zote mbili kwenye kadi moja tangu siku ya kwanza. "g" nayo ni vivyo hivyo.

Kila baada ya wiki nne rudieni zile karatasi nne za mwanzo, ila silabi, maneno na aya viwe vipya, na tarehe iandikwe juu.